Rejista Zilizosema Nusu ya Kweli: Kisa cha Faili la Ajali Mjini Lamu

Nahodha alitukuta barazani, nje ya chumba tunachofanyia kazi, hatua chache kutoka Mkunguni. Hakusalimu kwa kirefu kama ilivyo ada yake. Aliiweka simu juu ya meza, akasema, "Mwanangu, simu yako haiyui mayi na nti." Mimi si mzaliwa wa Lamu, lakini nimekaa hapa miaka ya kutosha kukielewa Kiamu cha mtu aliyeudhika.

Alikuwa ametoka Mokowe na abiria. Akafungua programu yetu, akabonyeza jina la gati ya Lamu aone kina cha maji, programu ikafa. Akafungua tena, akabonyeza tena, ikafa tena. Baharia wake, mwenye simu ya aina nyingine, akajaribu palepale. Yake haikufa, ila ilimwambia kuwa mbele ya gati kuna kina cha mita mia tatu na kitu. Mita mia tatu, mahali ambapo maji ya bamvua yakipwa boti hubaki zimekaa kwenye tope!

Programu yenyewe ni ndogo. Inabeba ramani ya kina ya visiwa vyetu, inaongeza au kupunguza kimo cha maji kwa jedwali la kujaa na kupwa, halafu inamwambia nahodha kama atapita. Kwa mtu wa bara hilo ni pambo tu. Kwa anayepeleka abiria Faza au Kizingitini kupitia mlango wa Mkanda, ndiyo tofauti ya kupita sasa na kungoja maji huku abiria wakimtazama.

Hitilafu yenyewe ilikuwa ya mstari mmoja wa msimbo, na ingepatikana kwa dakika kumi. Ilituchukua siku sita. Naandika kuhusu siku hizo sita, kwa sababu hazikuliwa na hitilafu. Zililiwa na chombo tulichokuwa tukikitumia kuitafuta.

Faili linabeba nini

Programu yetu ikianguka kwenye simu, maktaba ndogo ya msimbo iliyomo ndani yake huandika faili la ajali na kulituma simu ikipata mtandao. Sisi tunaliita dampu. Muundo wake ni minidampu, uliobuniwa Microsoft kwa ajili ya Windows, lakini leo unaandikwa hata na simu za Android, maana maktaba mbili zinazotumika sana, Breakpad na Crashpad, zote za Google, ziliuchukua. Raha yake ni kwamba faili lililoandikwa kwenye simu ya baharia yeyote nalisoma kwenye kompyuta ya aina nyingine kabisa, bila kuwa na simu yenyewe mkononi.

Faili linaanza na kichwa cha baiti 32, na baiti 4 za kwanza ni herufi MDMP. Ukizikuta zimepinduka, PMDM, unajua limeandikwa na mashine inayopanga baiti kinyume na yako. Kichwa kinakuelekeza kwenye jedwali la mikondo, yaani sehemu za faili, baiti 12 kwa kila mkondo. Mkondo namba 3 ni orodha ya nyuzi za programu (kazi zake zinazokwenda sambamba), namba 6 ni ajali yenyewe, namba 7 ni maelezo ya mfumo, pamoja na aina ya prosesa. Kila uzi umepewa baiti 48, na 8 za mwisho zinasema mambo mawili tu: picha ya rejista, yaani vijisanduku vya prosesa vya kushikia namba, ina ukubwa gani, na iko wapi ndani ya faili.

Picha hiyo ndiyo roho ya faili. Inaonyesha prosesa ilikuwa imeshika nini mkononi pale ilipoanguka: imefika amri gani, staki (kumbukumbu ya vitendakazi, vipande vya programu, vilivyoitana) iko wapi, namba gani zilikuwa zikihesabiwa. Lakini ndani ya picha hamna jina la rejista hata moja. Hakuna palipoandikwa "hii ni x0" wala "hii ni pc". Ni baiti zimepangwa bega kwa bega, na anayesoma lazima awe anajua mpangilio kabla hajafika. Wenye muundo huu waliweka umbo tofauti kwa kila prosesa: baiti 716 kwa x86 (prosesa za kompyuta nyingi) ya biti 32, 1232 kwa ile ya biti 64, 368 kwa ARM (prosesa za simu nyingi) ya biti 32. Kila umbo lina alama zake za kujitambulisha, na hata hizo hazikai mahali pamoja. Kwenye x86 ya biti 64 alama zinaanzia baiti ya 48, zimetanguliwa na nafasi sita za baiti 8. Kwa hiyo huwezi kusema nitasoma alama kwanza nijue ni umbo gani, kwani ili ujue alama ziko wapi, inabidi uwe umeshajua umbo. Msomaji wa Breakpad hulikwepa hili kwa kutazama ukubwa kwanza.

Mimi sikuwa natumia msomaji wa Breakpad. Nilikuwa nimeandika wangu, skripti fupi ya kutoa ukurasa mmoja: rejista, staki, jina la simu. Nilikuwa na sababu zangu wakati huo. Nikizikumbuka leo naona nyingi zilikuwa ubishi.

Siku sita

Jioni ile mafaili matatu yalikuwa yameshafika kwenye seva, mawili ya Nahodha na moja la mtu wa Shela. Nikayapitisha kwenye skripti. Staki ilitoka safi: mguso wa skrini, orodha ya vituo, kisha kitendakazi kinachotafuta kina. Kitendakazi hicho kinapokea vitu vitatu, yaani ramani, latitudo na longitudo. Kwenye ARM ya biti 64 pointa (anwani) ya ramani hupita kwenye x0, na desimali mbili hupita kwenye d0 na d1. Kwa bahati njema kompaila, inayogeuza msimbo kuwa amri za prosesa, ilikuwa imefanyia hesabu kwenye rejista nyingine na kuziacha d0 na d1 kama zilivyoingia. Ukurasa ulisema hivi, nikiacha mistari isiyohusika (0x ni alama ya namba za msingi wa 16, w8 na w9 ni rejista za namba nzima):

alama 0x6000000000400007
w8 43400
w9 43357130
d0 −4310085664768
d1 0
cpsr 0x33333333
fpsr 0x40447333

Macho yangu yalikwenda moja kwa moja kwenye d0. Latitudo hasi ya trilioni nne na ushei! Longitudo sifuri! Nikapiga kelele chumba kizima kisikie kwamba GPS ya simu imetuletea takataka.

Siku ya kwanza na ya pili niliandika kichujio cha kukataa latitudo yoyote iliyovuka digrii 90 kutoka kwenye GPS. Tukatoa toleo jipya, Nahodha akalipakua, likafa vilevile. Siku ya tatu nikahamia kwenye dhana mbaya kuliko ya kwanza, kwamba kuna mahali msimbo wetu unaandika juu ya kumbukumbu isiyo yake. Dhana hiyo huwa haina mwisho. Ukishaiamini, kila mstari unakuwa mshukiwa.

Siku ya nne nikamgeukia dada anayeshughulikia ramani. Nikamwuliza, kwa sauti ambayo sasa naionea haya, kama faili lake jipya la kina ni zima. Akasema, "Kaka, ramani yangu haina neno." Akanifungulia. Safu 900, kila safu ina vyumba 1000, kila chumba baiti 2, kuanzia latitudo −2.5 na longitudo 40.6. Haikuwa na neno kweli.

Hapo katikati kuna jambo moja ambalo sikulitilia maanani hata kidogo. Wiki tatu nyuma tulikuwa tumehama kutoka Breakpad kwenda Crashpad upande wa simu. Siku tuliyohama, skripti yangu ilikataa mafaili mapya, ikidai haiijui prosesa namba 12. Ilikuwa inaijua 32771, namba ambayo Breakpad huiandikia ARM ya biti 64 kwenye Android. Nikaangalia, nikaona 12 nayo ni ARM ya biti 64. Nikaiongeza 12 kwenye orodha ya zinazokubalika, kando ya 32771, koma moja na namba moja. Skripti ikasoma. Staki zikatoka sawasawa, nikafunga kazi nikaenda kula viazi karai.

Maalim

Jioni ya siku ya sita nilimpigia mtu aliyenifundisha kazi hii, sasa amestaafu, yuko Malindi. Simwiti kwa jina, namwita Maalim, na sijui mtu anayemwita vinginevyo. Nikamwambia kuhusu GPS, kumbukumbu iliyoandikwa juu, na ramani. Akanisikiliza hadi mwisho, akaniambia nimtumie ukurasa mzima wa rejista, nisimchagulie mimi ya kutazama.

Alipopiga tena ilikuwa saa nne usiku.

"w8 ni kitu gani?"

"Namba ya safu, Maalim. Latitudo ukitoa −2.5, mara elfu moja, inakatwa kuwa namba nzima."

"Na d0 ni trilioni nne hasi. Sasa nieleze 43400 imetoka wapi."

Sikuwa na la kusema. ARM ikibadili desimali kuwa namba nzima ya biti 32, na desimali ile imezidi nafasi, haitoi namba ya ovyo, hukomea kwenye kikomo. Kwa d0 ile, w8 ingepaswa kuwa −2147483648. Yaani rejista za namba nzima na rejista za desimali zilikuwa zinatoa ushahidi unaopingana, kutoka picha moja, ya uzi mmoja, kwa nukta ileile. Nilikuwa nimezitazama zote mbili kwa siku sita.

"Basi rudi nyuma," akasema. "43400, gawa kwa elfu."

"43.4."

"Toa 2.5."

"40.9."

"Lamu iko longitudo ngapi, bwana mdogo?"

Nyie mnaoishi hapa mnajua. Mji wa Lamu uko karibu na latitudo −2.27 na longitudo 40.90. Namba ya longitudo ilikuwa imekaa kwenye kiti cha latitudo. Lakini Maalim hakunipa nafasi ya kushangilia. Alitaka kwanza twende kwenye cpsr, kwa sababu, alisema, hitilafu ya programu inaweza kungoja asubuhi, ila msomaji mwongo hulali naye nyumba moja.

Cpsr ni rejista ya hali ya prosesa. Biti 5 za chini zinasema prosesa iko katika hali gani. Kwa programu ya kawaida ya biti 64 lazima ziwe sifuri zote, maana yake ngazi ya mtumiaji. Ukurasa wangu ulisema 0x33333333. Biti 5 za chini za 0x33 ni 10011, na hiyo ni hali ya supavaiza ya ARM ya biti 32. Yaani nilikuwa naambiwa programu ya kuangalia kina cha maji, ya biti 64, ilianguka ikiwa ndani ya kiini cha mfumo wa biti 32. Haiwezekani. Na 3333 mfululizo si namba ya kuiangalia ukapita. Mtu aliyewahi kuona desimali zikiwa kumbukumbuni ataitambua: ni moja ya tano ikijirudia, kama vile thuluthi inavyojirudia kwa 3 katika desimali za kawaida. Ni mkia wa namba kama 40.9.

"Ziunganishe," akasema. "Fpsr mbele, cpsr nyuma."

0x40447333, kisha 0x33333333. Inakuwa 0x4044733333333333. Nikaiweka kwenye kikokotozi. 40.9.

Longitudo ya Lamu ilikuwa imegawanywa nusu mbili, nusu moja imevaa jina la cpsr, nusu nyingine jina la fpsr.

Baiti kumi na mbili

Usiku ule nilifungua baiti zenyewe, bila skripti. Kuanzia baiti ya 272 ya picha ya rejista kulikuwa na hizi:

33 33 33 33 33 73 44 40 00 00 00 00 00 00 00 00
29 5C 8F C2 F5 28 02 C0 00 00 00 00 00 00 00 00

Baiti 8 za kwanza za kila mstari zikisomwa kinyumenyume, mstari wa kwanza ni 40.9, wa pili ni −2.27, kila moja na nusu yake ya juu tupu. Ndizo d0 na d1 halisi, mahali pake, zimepangwa vizuri. Skripti yangu ilikuwa inaanza kusoma d0 kwenye baiti ya 284.

Sababu ni kwamba ARM ya biti 64 ina maumbo mawili. Breakpad iliwahi kujitengenezea lake. Linaanza na alama za baiti 8, kisha rejista 33 za baiti 8 kila moja, yaani x0 hadi x30 na sp na pc. Halafu cpsr, fpsr na fpcr, baiti 4 kila moja, ndipo zinafuata rejista 32 za desimali, baiti 16 kila moja. Jumla 796. Baadaye likaja la Windows, na Crashpad inaandika hilo: alama baiti 4, cpsr baiti 4, rejista zilezile 33, desimali 32 papo hapo, na fpcr, fpsr pamoja na rejista za dibaga (programu ya kuchunguzia programu nyingine) zimesogezwa mwisho. Jumla 912.

Tazameni mwanzo wake. Moja lina baiti 8 za alama, jingine lina 4 za alama na 4 za cpsr. Nne na nne ni nane. Kwa hiyo x0 inaanzia baiti ya 8 kwenye yote mawili, na pc iko baiti ya 264 kwenye yote mawili. Ndiyo maana staki zangu zilitoka safi. Maumbo yanaachana kuanzia baiti ya 272, pale ambapo la zamani linaweka vitu vitatu vya baiti 4. Tatu mara nne, kumi na mbili: ndio umbali kati ya 272 na 284.

Ukisoma kuanzia 284 unaokota baiti 4 za mwisho za mstari wa kwanza, ambazo ni sifuri, na 4 za kwanza za mstari wa pili, 29 5C 8F C2. Ziweke pamoja, upate 0xC28F5C2900000000. Hiyo ndiyo −4310085664768. Trilioni nne zangu zilikuwa mkia wa latitudo ya Lamu uliopandishwa kichwani. Na d1 ilitoka sifuri kwa sababu rejista ya tatu ilikuwa imeshika 43400.0, namba ambayo nusu yake ya chini ni sifuri tupu.

Hata cpsr ya kweli ilikuwepo kwenye ukurasa siku zote. Msomaji wangu wa zamani alisoma alama kama baiti 8, akapata 0x6000000000400007. Nusu ya chini, 0x00400007, ni alama za umbo jipya, zikisema kuna rejista za uongozi, za namba nzima na za desimali. Nusu ya juu, 0x60000000, ndiyo cpsr, na biti zake 5 za chini ni sifuri kama inavyotakiwa. Alama za umbo la zamani zingekuwa na 0x80000000 ndani yake. Nilikuwa nazichapisha kila siku. Sikuwahi kuzikagua.

Kama skripti ingegoma kabisa, ningeitengeneza siku ileile. Kama ingeharibu rejista zote, staki ingetoka vurugu na ningeishuku. Ilichofanya ni kusema kweli katika rejista 33 za kwanza, zile ninazozikagua, na kukosea katika zile ambazo sikuwa na njia ya kuzipima. Maktaba haikuwa na kosa. Iliandika prosesa namba 12, ikaandika ukubwa wa 912, ikaandika alama zake. Vitambulisho vitatu vilikuwa mlangoni, mimi nikasoma kimoja, tena nikakilazimisha kipite.

Kosa lenyewe

Asubuhi hitilafu ya programu ilichukua muda wa kikombe kimoja cha kahawa. Katika toleo jipya tulikuwa tumeongeza orodha ya vituo, na dada wa ramani ameandika kila gati kwa GeoJSON, muundo wa kuandikia data za ramani. Muundo huo unataka longitudo itangulie, latitudo ifuate, naye aliandika hivyohivyo, [40.90, −2.27]. Msimbo wa kuisoma orodha niliuandika mimi, na mimi nilisoma ya kwanza kama latitudo. Kwa hiyo kila aliyebonyeza "Lamu" alikuwa anauliza kina cha maji kwenye digrii 40.9 kaskazini na 2.27 magharibi, ambayo ni bara la Hispania, kaskazini mashariki ya Madrid.

Safu 43400 mara vyumba 1000, toa 42870 (namba ya chumba: −2.27 ukitoa 40.6, mara elfu moja, ikatoka hasi), ni 43357130, ile w9. Kwa baiti 2 kila chumba, programu ilikuwa inakwenda kuchungulia baiti milioni 86 na zaidi kutoka mwanzo wa ramani isiyofika hata milioni 2. Kwenye simu ya Nahodha hapakuwa na kitu huko, mfumo ukaiua. Kwenye simu ya baharia wake, kwa bahati mbaya, palikuwa na kumbukumbu ya kitu kingine, ikasomwa kama sentimita za maji, ndiyo zile mita mia tatu. Simu iliyokufa ndiyo iliyokuwa na adabu.

Kichujio changu cha siku ya pili kisingesaidia hata kidogo. Kilikuwa kinalinda mlango wa GPS, na namba zilipitia mlango wa orodha. Tena 40.9 haijavuka 90.

Nilimwendea dada nikamwomba radhi. Hakusema kitu. Aliagiza mahamri na chai ya watu wote chumbani, akamwonyesha mwenye hoteli mimi.

Tulichobadilisha

Msomaji mpya anataka vitu vitatu vikubaliane kabla hajatoa hata rejista moja: namba ya prosesa kwenye mkondo wa 7, ukubwa wa picha, na alama ndani yake. 32771 na 796 na alama ya zamani, sawa. 12 na 912 na alama mpya, sawa. Mchanganyiko wowote mwingine anakataa na kuandika ameona nini. Watu wataniambia huo ni ukali, faili lenye kasoro ndogo bado lina manufaa. Kwa mtu mwenye dibaga mbele yake na jicho la Maalim, labda. Kwa ukurasa unaochapishwa na kuaminiwa, mimi sikubali tena.

Pia anakagua biti 5 za chini za cpsr. Zisipokuwa sifuri kwenye programu ya kawaida ya biti 64, ukurasa unatoka na onyo juu kabisa. Ukaguzi wa mstari mmoja, na ungetuokoa siku tano.

Jaribio lililonipa usingizi, hata hivyo, ni jingine. Tuliandika programu ndogo inayojaza rejista kwa namba za kujulikana, x5 inajazwa 05 tupu, x6 inajazwa 06 tupu, na desimali vivyo hivyo kwa namba zake, halafu inajiua kwa amri ya brk. Tuliziacha x18, ambayo Android imeitenga kwa kazi yake, x29, sp na pc. Faili linalotoka linasomwa na kulinganishwa. Rejista ikiwa imesogea hata baiti 4 inaonekana kwa jicho, hakuna hesabu ya kupiga. Sasa kila tukibadilisha toleo la maktaba, jaribio hili linatangulia.

Tulikuwa tumehifadhi mafaili ghafi yote, hatukubaki na kurasa zilizochapishwa tu, na hilo nalishukuru. Tuliyasoma upya yale ya wiki tatu. Kesi moja tuliyokuwa tumeifunga, ya kasi ya upepo kuonyeshwa hasi, ilibidi ifunguliwe, kwani tulikuwa tumeirekebisha kwa ushahidi wa rejista ambazo hazikuwa zenyewe. Bado tunaishughulikia.

Juzi msomaji mpya alikataa faili kwa mara ya kwanza. Lilikuwa limetoka kwenye simu ya kuigiza iliyoko ndani ya kompyuta ya dada: prosesa namba 9, ukubwa 1232, na kwenye baiti 4 za mwanzo, pale ambapo umbo jipya la ARM lingekuwa na alama, sifuri. Aliniita kwa sauti, akidhani nimeharibu tena. Nikamwonyesha kwamba ni x86 ya biti 64, alama zake ziko kwenye baiti ya 48, na umbo hilo sijaliandika bado. Akaniuliza nitaliandika lini. Nikamwambia nikitoka Mokowe, kwa sababu Nahodha alikuwa anangoja gatini na toleo jipya simuni, na maji yalikuwa yanaanza kupwa.